Bampa la plastiki: kopo, kompresa au fundi? Ulinganisho kwa wenye magari wa Mtwara na Lindi

Miaka miwili iliyopita nilipiga rangi bampa la mbele la IST yangu, uani kwangu, kwa makopo ya kupuliza. Lilipendeza. Wiki ya tatu nikapeleka gari kuoshwa, kijana akaelekeza mashine ya maji kwenye kona ya chini, na kipande cha rangi kikubwa kama kiganja kikabanduka chote kwa mara moja. Nilikiokota nikakitazama. Upande wa ndani ulikuwa umenakili kila mchirizi wa msasa niliousugua, mmoja mmoja, lakini haukuondoka na chembe hata moja ya plastiki. Rangi ilikuwa imelala tu juu ya bampa. Haikuwa imeshika.

Tangu hapo nimepiga rangi vipande vingi vya plastiki, vyangu na vya ndugu na majirani hapa Shangani, Mtwara, na swali ninaloulizwa ni lilelile: ninunue makopo, nitafute kompresa, au nimpelekee fundi? Jibu linabadilika kulingana na ukubwa wa kipande, aina ya rangi na msimu wa mwaka. Ila kwenye njia zote tatu kuna sehemu moja ya kazi ambayo ningekushauri usimwachie mtu mwingine, nayo ni kuosha na kusugua. Kupuliza unaweza kumlipa mtu. Maandalizi yanataka maji, msasa na subira, na mtu mwenye foleni ya magari manne mlangoni hana subira ya kukupa.

Kwanza ijue plastiki yako

Vile viti vya plastiki vya kukodi kwenye shughuli umeviona. Mwenye viti ameandika herufi za jina lake mgongoni kwa rangi, na baada ya msimu mmoja wa harusi herufi zimebaki nusu. Vingi vimetengenezwa kwa polipropilini, na bampa la gari kwa kawaida ni la jamii hiyohiyo, limechanganywa na mpira ili likigongwa lipinde badala ya kupasuka. Uso wa plastiki hii hauna pa kushika, maji yenyewe yanajikunja matone juu yake. Viwandani huupitishia ndimi za moto au huupaka dawa kabla ya rangi. Nyumbani kazi hiyo inafanywa na prima ya plastiki, ile nyepesi ambayo mara nyingi haina rangi, inayopulizwa kidogo sana kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo ndiyo niliyoikosa mimi.

Geuza kipande utazame mgongoni. Kati ya vimshale viwili utakuta herufi. Ukisoma PP (ndiyo polipropilini) au PP+EPDM (iliyochanganywa na mpira), prima ya plastiki ni lazima. Ukisoma ABS, ambayo ndiyo ya grili nyingi na vifuniko vya saidi mira, rangi inashika kirahisi zaidi, ila plastiki hiyo haivumilii thina kali: ukiifuta kwa thina ya rangi inalainika na baadaye inaota nyufa nyembamba kama nywele.

Herufi zikiwa zimefutika, kwangua kijipande kama ncha ya ukucha kwenye ukingo wa ndani usioonekana, kitie kwenye kikombe cha maji. PP huelea, ABS huzama. Kuna kasoro moja: bampa lililojazwa unga mwingi wa talki linaweza kuzama ingawa ni PP. Kwa hiyo kama ni bampa, hata kijipande kikizama, weka prima ya plastiki.

Kuosha na kusugua

Adui mkubwa hapa kwetu ni polishi. Gari likimaliza kuoshwa, vijana wanapitisha ile dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi, na dawa hiyo kwa kawaida ina silikoni. Ikibaki hata kidogo kwenye bampa, rangi mpya inafunguka vishimo vya mviringo, kila kimoja kama jicho la dagaa, na hakuna idadi ya mikono, yaani safu, za rangi itakayoviziba. Bampa jipya la dukani nalo lina mafuta yake, yale yaliyotumika kulitoa kwenye kalibu kiwandani.

Kwa hiyo osha kabla ya kusugua. Ukisugua kwanza, msasa unaingiza mafuta kwenye michirizi na hutayatoa tena. Maji ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo, brashi, kisha suuza, kisha rudia. Anayeishi karibu na bahari ajue kwamba chumvi inatua kwenye gari kila siku hata kama huioni. Na kama maji ya nyumbani ni ya kisima chenye chumvi, suuza ya mwisho tumia maji ya mvua au ya dumu, maana yale mengine yakikauka yanaacha unga mweupe ambao rangi italala juu yake.

Baada ya hapo ndipo msasa, wa maji. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri usiivue, inakufaa kama msingi. Isugue tu kwa namba 400 hadi 600 mpaka mng'ao uishe wote, hata kwenye pembe na mifereji. Pale ilipobanduka, lainisha ukingo kwa namba 320, halafu 600. Fumba macho, pitisha kidole taratibu kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye rangi ya zamani. Kama kidole kinahisi ngazi, jicho nalo litaiona rangi ikishakauka. Mimi hurudia hivyo mara tatu au nne kwenye mkwaruzo mmoja, na sijawahi kujutia.

Plastiki ya PP ukiibania msasa mkali inaota vinyweleo. Usivikate kwa wembe. Shuka kwenye msasa laini zaidi, maji mengi, mkono mwepesi. Mwisho suuza, acha ikauke kabisa, futa kwa spiriti kwa kitambaa safi, ukigeuza kitambaa kila baada ya kufuta. Petroli usiitumie. Inaacha mafuta yake, na plastiki iliyo wazi inainyonya.

Ufa kwenye bampa unahitaji kuchomewa kwanza. Wapo mafundi wa kuchomea plastiki kwa pasi ya moto na waya, na kazi yao ikifanywa kwa upande wa ndani inadumu. Juu yake weka puti ya plastiki. Puti ya bati haipindi, na bampa likitikisika kwenye barabara ya vumbi inapasuka.

Njia ya kopo

Kopo la kawaida lina mililita 400. Nguvu yake ni kwamba halihitaji umeme wala mtambo, na mtu asiyewahi kupuliza anaweza kupata kazi nzuri kwenye kipande kidogo: kifuniko cha saidi mira, wilikepu, kitasa cha mlango, kipande cha grili, kava za bodaboda. Unatikisa dakika mbili nzima baada ya kusikia kigololi, unasimama sentimita 20 hadi 25, unaanza kupuliza nje ya kipande na kumalizia nje ya kipande, na kila mstari unapanda nusu ya mstari uliopita. Mkono wa kwanza uwe kama ukungu tu, plastiki ionekane chini yake. Dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono.

Udhaifu wake unauona ukifika kwenye bampa. Kopo likipulizwa mfululizo linapoa mkononi, presha inashuka, linaanza kutema matone. Dawa ni kuwa na makopo mawili na kupokezana. Wapo wanaoweka kopo karibu na jiko ili lipate nguvu: hilo linaweza kulipuka, na makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi joto 50. Ndani ya gari lililofungwa juani usiyaache kamwe.

Rangi yenyewe ya kopo la kawaida, ile isiyochanganywa na hadna (dawa ya kugandisha rangi), inabaki laini. Petroli ikiidondokea inayeyuka, kwa hiyo kwa tangi la pikipiki au mfuniko wa mafuta haifai hata kidogo. Kwa kifuniko cha kioo cha pembeni inatosha miaka.

Halafu kuna suala la rangi kufanana. "Nyeupe" ya dukani si nyeupe ya gari lako. Tafuta kibati cha gari, kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Kwenye Toyota angalia palipoandikwa C/TR. Kabla ya alama ya mkwaju (/) utaona tarakimu au herufi tatu: 040 ni nyeupe tupu, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha ya metali, 070 ni nyeupe ya lulu. Nyeupe na nyeusi tupu mtu anaweza kuzipata kwa kopo zikakaribiana. Puliza kwenye kipande cha boksi, kiache kikauke, kishike ubavuni mwa gari kivulini, kisha juani.

Na piga hesabu kabla ya kununua. Bampa zima la IST lilinimalizia kopo moja la prima ya plastiki, moja la prima ya kawaida, matatu ya rangi na mawili ya klia, ile safu ya juu isiyo na rangi inayong'arisha. Makopo saba. Uliza bei, zidisha, halafu nenda kaulize fundi anadai kiasi gani kwa bampa. Watu wengi wakifanya hesabu hiyo wanagundua kwamba kopo ni rahisi kwa kipande kimoja kidogo, na kwa bampa tofauti inakuwa ndogo sana au inageuka kabisa.

Njia ya kompresa

Ukiwa na kompresa, au rafiki mwenye nayo, bampa linakuwa kazi ya haraka zaidi. Rangi inachanganywa kwa kodi ya gari lako, ile namba ya rangi ya kwenye kibati, inatua kwa usawa, na unaweza kutumia klia ya hadna ambayo ugumu wake haulinganishwi na wa kopo. Gani, yaani bunduki ya kupulizia rangi, yenye tundu la milimita 1.3 au 1.4 inafaa rangi na klia. Vikompresa vidogo vya kujazia upepo havimudu gani kubwa kwa muda mrefu, lakini kwa bampa unaweza kupuliza mkono mmoja, ukaacha tangi lijae tena wakati rangi inapumzika.

Tatizo la kwetu ni maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kompresa inaibana, na unyevu unageuka maji ndani ya tangi. Fungua koki ya chini utayaona yakitoka yamechanganyika na kutu. Bila chujio la maji kwenye mpira, matone hayo yanapita kwenye gani na kutua katikati ya rangi. Mwaga tangi kabla ya kuanza, na tena katikati ya kazi.

Sasa jambo ninalotaka ulichukulie kwa uzito. Hadna ya klia na ya prima nyingi za kuchanganya kwa kawaida ina kemikali iitwayo isosianati. Ukivuta ukungu wake unaweza kupata pumu, na mwili ukishazoea kuikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinakubana kifua. Barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haizuii kitu. Inatakiwa barakoa ya vichujio vya mvuke pamoja na vya chembechembe, na katika karakana nzuri mpulizaji anavaa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Vipo pia vikopo vyenye hadna ndani, unabonyeza kitufe chini, navyo ni vilevile: sumu ileile, na ukishabonyeza una kama siku moja au mbili kabla kopo halijaganda.

Nyumba zetu nyingi zina ua wa pamoja. Kuna watoto, kuna kamba ya nguo, kuna mama wa jirani anaanika mihogo. Ukungu wa klia hausimami kwenye bampa. Ndiyo maana mimi, pamoja na kwamba napenda kazi hii, nilikataa kupuliza klia ya hadna nyumbani, na ningekuomba nawe ukatae kama huna barakoa sahihi na sehemu iliyojitenga na watu.

Njia ya fundi

Fundi rangi mzuri ana mkono ambao kopo halikupi. Kwa rangi ya metali hilo ni jambo kubwa, kwa sababu chembe za fedha zinalala tofauti kulingana na umbali, presha na mwendo wa mkono. Kodi ni ileile, rangi ni ileile, na bado bampa linaonekana jeusi kuliko mlango. Lulu ya 070 ni ngumu zaidi: inapigwa nyeupe ya chini, kisha safu ya lulu, kisha klia, na ukizidisha mkono mmoja wa lulu rangi inahama. Shemeji yangu ana Noah ya rangi hiyo na aliniomba nimpulizie bampa la nyuma. Nilimwambia hapana, shemeji, hili tukalifanye kwa fundi.

Lakini kuwa na mkono mzuri si kuwa na prima ya plastiki. Muulize fundi swali moja kabla hamjapatana bei: kwenye plastiki unaanza na nini? Akikuambia anapiga prima ileile ya bati, mshukuru, nenda kwa mwingine, au nunua prima ya plastiki mwenyewe umpelekee na usimame hapo aipulize. Haihitaji mikono mingi. Safu moja nyembamba au mbili, isubiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, usiisugue, halafu prima au rangi juu yake kabla muda wake haujapita.

Hapo ndipo nilipofika mimi, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwa bampa: maandalizi nyumbani, kupuliza kwa fundi. Nalifungua bampa mwenyewe, nalisafisha, nalisugua jioni mbili, nalifunga kwa kanga safi kavu, nalipeleka kwa bajaji. Kanga isiwe imefuliwa kwa ile dawa ya kulainisha nguo, baadhi yake ina silikoni. Na tangu kulisugua, halishikwi kwa mkono mtupu, maana vidole vya mtu aliyekula korosho za kukaanga vinaacha alama ya mafuta ambayo hutaiona mpaka rangi ikatae. Mafundi wengi wanapunguza bei wakikuta kazi ya msasa imeshakwisha. Na hata asipopunguza, najua kilichoko chini ya rangi.

Plastiki nyeusi zenye vipele, zile za chini ya bampa na pembeni mwa milango, sipendi kuzipiga rangi kabisa. Polishi inazirudishia weusi kwa wiki chache. Rangi nyeusi isiyong'aa ya kopo, juu ya plastiki iliyooshwa sana na kuwekewa prima ya plastiki, inakaa muda mrefu zaidi na haihitaji klia. Hapo kopo linashinda bila ubishi.

Msimu na saa

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia kama Desemba mpaka Aprili. Miezi hiyo hewa ni nzito, na rangi ya kopo au ya thina inayokauka haraka inapauka: mvuke wa thina unapoza uso, unyevu wa hewani unatua juu yake, na nyeusi yako inavaa ukungu mweupe. Kwa kazi ya nyumbani subiri siku kavu. Kama huwezi kusubiri, mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia, mwambie atumie thina ya kukauka taratibu.

Kusi likianza mambo yanageuka. Hewa ni kavu zaidi, lakini upepo unabeba mchanga, na kuanzia Juni wenye mikorosho wanapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga. Aliyeko Newala, Tandahimba au pembezoni mwa mji anajua jinsi unga ule wa njano unavyosafiri. Ukipuliza klia siku jirani anapuliza salfa, utasugua upya.

Saa nzuri kwangu ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Umande umeshakauka, upepo wa bahari haujachachamaa, na plastiki haijachemka. Saa saba mchana bampa lililokaa juani linaunguza mkono. Rangi inakaukia hewani na kutua kama vumbi, ukiigusa inakwaruza. Weka kipande kivulini, mwagia ardhi maji kuzunguka ulipo ili vumbi lilale, acha yakauke juu juu, ndipo uanze.

Ningechagua hivi

Kifuniko cha saidi mira, wilikepu, plastiki nyeusi, gari la 040 au 202: kopo, bila wasiwasi, mradi umeosha na umeweka prima ya plastiki. Bampa zima la rangi tupu: sugua nyumbani, mpe fundi apulize. Metali na lulu: fundi, na umwombe apulize kwanza kipande cha majaribio mkifananishe na mlango. Kompresa ya nyumbani ningeinunua tu kama nina magari au pikipiki kadhaa za kushughulikia, nina uwanja wa mbali na watu, na nina barakoa.

Njia yoyote utakayochukua, rangi kuwa kavu kwa kidole si sawa na kuwa imekomaa. Ya kopo inaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa. Mwezi wa kwanza osha bampa kwa ndoo na kitambaa laini, na gari likienda kwenye mashine ya maji, kijana mwambie asiielekeze kwenye bampa, umwambie kabla hajaiwasha.